Kitabu Alichopewa Dada Kule Salt Lake City



Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha maswali cha Alhamisi, mama mmoja wa Ndosho alikuja hapa redioni na simu yake mkononi. Mdogo wake alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Uganda, kisha akapewa makao Marekani pamoja na watoto wake wanne. Leo anaishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah, mahali ambapo Wakongo wengi wamepokelewa. Siku za kwanza watu wa huko walimletea vitanda, blanketi na masufuria. Usiku mmoja mtoto alipopata homa, jirani alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Miezi michache baadaye majirani hao hao walimletea kitabu. Mama alituonyesha picha yake: jalada la buluu, Kiswahili kisafi, Kitabu cha Mormoni. Ndani yake mdogo wake amemkuta nabii Isaya. Amemkuta Yesu akihubiri maneno yanayofanana na mahubiri ya mlimani. Sasa anauliza: hii ni Biblia au si Biblia? Na mama anatuuliza sisi: nimwambie akitupe?

Hewani muda ulikuwa umekwisha, tukaahidi kujibu kwa karatasi hii. Tangu siku hiyo wengine wanne wameuliza jambo hilo hilo, na mmoja wao ana mtoto wa kiume anayesoma Lubumbashi ambaye amekwisha kubatizwa huko. Basi si habari ya Marekani peke yake.

Tuanze na jibu fupi. Hapana, si Biblia. Watu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tunaowaita Wamormoni, wanasoma Biblia kama sisi, lakini wanaweka vitabu vingine vitatu kando yake na kuviita Maandiko: Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Vyote vitatu vilipitia mikononi mwa mtu mmoja, Joseph Smith. Kwa hiyo kumjibu mama huyu vizuri ni kueleza mtu huyu alikuwa nani na vitabu hivyo vilitokaje. Na tuwaombe jambo moja: tusiwacheke. Mtu aliyempeleka mtoto wetu hospitali usiku hastahili kuchekwa nasi huku Goma.

Joseph Smith alizaliwa tarehe 23 Desemba 1805 huko Vermont, katika familia ya wakulima maskini waliohama-hama kutafuta shamba. Walifika Palmyra, katika jimbo la New York, wakati wa uamsho mkubwa. Kila kilima kilikuwa na mkutano wa injili, na kila mhubiri alisema mwenzake amepotea. Sisi wa Goma tunaijua hali hiyo, sisi ambao kwenye barabara moja ya Katindo tunasikia vipaza sauti vya makanisa matatu kwa wakati mmoja. Kijana huyo alisimulia baadaye kwamba mwaka 1820 aliingia msituni kuomba, auliziwe wapi ukweli ulipo, na akapata maono. Kuna masimulizi yake manne ya maono hayo, ya mwaka 1832, 1835, 1838 na 1842, na hayalingani katika kila jambo. Lile la kwanza linamtaja Bwana peke yake. Lile la 1838 linasema Baba na Mwana walisimama mbele yake wakiwa wawili. Wamormoni hujibu kwamba mtu akisimulia jambo kubwa mara nne hatalisimulia sawasawa. Hata Paulo katika Matendo ya Mitume husimulia safari ya Dameski kwa tofauti ndogo. Hilo tunawakubalia. Lakini kati ya kumwona mmoja na kuwaona wawili, sisi hatuoni tofauti ndogo.

Alisema pia kwamba mwaka 1823 malaika aitwaye Moroni alimtokea na kumwambia habari za mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani, na kwamba aliyapokea Septemba 1827. Juu ya mabamba hayo, alisema, iliandikwa historia ya familia iliyotoka Yerusalemu miaka kama 600 kabla ya Kristo, baba Lehi na wanawe Nefi na Lamani, waliovuka bahari hadi Amerika. Watoto wao wakawa mataifa mawili yaliyopigana, Yesu mfufuka akawatembelea, na mwishoni nabii Mormoni akafupisha habari zao zote. Mwanawe Moroni, wa mwisho kubaki hai, akayafukia mabamba. Ndiyo maana ya jina la kitabu.

Tafsiri ilifanywaje? Joseph alisema maneno kwa sauti, mwingine akaandika. Mke wake Emma aliandika sehemu, na Martin Harris, mkulima mwenye mali, akaandika kurasa 116 za kwanza. Mke wa Harris hakuamini. Akataka kuona pesa za nyumba yake zinakwenda wapi, nasi hatuwezi kumlaumu mama huyo. Harris akaomba kurasa zile ampelekee, na katika kiangazi cha 1828 zikapotea. Hazijaonekana mpaka leo, na hazikuandikwa upya. Sehemu nyingine ikachukua nafasi yake. Mwaka 1829 alikuja mwalimu kijana, Oliver Cowdery, na kwa muda wa miezi michache tu kazi ikakwisha. Kwa muda mrefu picha za makanisani mwao zilimwonyesha Joseph akisoma mabamba mezani. Lakini walioshuhudia, Emma akiwa mmoja wao, walieleza kwamba mara nyingi aliweka jiwe dogo ndani ya kofia, akaingiza uso humo, akasema maneno. Kanisa lenyewe limeandika hivyo waziwazi, na mwaka 2015 likachapisha picha za jiwe hilo.

Hapa wengi mtashtuka, mkasema: hayo ni mambo ya mganga. Tungoje kidogo, tutarudi hapo.

Kitabu kilichapishwa Palmyra Machi 1830, nakala 5,000, kwa dola 3,000. Harris aliweka shamba lake rehani, na baadaye likauzwa kulipa deni hilo. Tarehe 6 Aprili 1830 kanisa likaanzishwa. Mbele ya kitabu kuna majina ya watu watatu waliosema malaika aliwaonyesha mabamba: Cowdery, Harris na David Whitmer. Hawa wote watatu waligombana na Joseph baadaye na kutengwa na kanisa. Wawili walirudi, Whitmer hakurudi tena. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, nilidanganya kuhusu mabamba. Msikilizaji atakayejadiliana na Mmormoni ajue jambo hili kabla hajasema mashahidi walikana, maana tumelisikia likisemwa mimbarini nalo si kweli.

Sasa, tumekisoma kitabu? Tumekisoma, si chote. Habari za vita katikati ni ndefu mno. Sura nyingi za Isaya zimo humo karibu neno kwa neno. Tumeona pia farasi, chuma cha pua na ngano katika Amerika ya zamani, na wachimbuzi wa mambo ya kale hawajavikuta huko katika nyakati ambazo kitabu kinasimulia. Watalaamu wa damu na uzazi wameona kwamba wenyeji wa Amerika wana asili ya Asia. Utangulizi wa kitabu ulikuwa unasema watu wa Lamani ndio mababu wakuu wa wenyeji hao. Mwaka 2007 ukabadilishwa kusema wamo miongoni mwa mababu wao. Neno moja limebadilika, lakini ni neno kubwa.

Kitabu cha pili, Mafundisho na Maagano, ni mkusanyo wa yale Joseph alisema Bwana amemwambia: nani aende misioni, nani auze shamba, hekalu lijengwe wapi. Walipojaribu kukichapa mara ya kwanza, huko Independence, Missouri, umati wa watu ulivunja nyumba ya mchapaji tarehe 20 Julai 1833 na kutupa karatasi barabarani. Wasichana wawili wa ndugu mmoja, Mary Elizabeth Rollins mwenye miaka 15 na mdogo wake Caroline, walikusanya karatasi kwenye nguo zao, wakakimbilia shamba la mahindi na kulala juu yake huku wanaume wakiwatafuta katikati ya mistari. Karatasi hizo zikapona. Hata asiyeamini neno moja la kitabu hicho atamwona mtoto wake mwenyewe katika hao wawili.

Kwa maana watu hawa waliteswa. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, aliandika amri kwamba Wamormoni wafukuzwe katika jimbo au waangamizwe. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 10. Amri hiyo ilifutwa mwaka 1976 tu. Walihamia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo. Huko Joseph alioa wake wengi kwa siri na kusema ni agizo la Mungu. Ufunuo wa jambo hilo uliandikwa tarehe 12 Julai 1843, nao umo katika Mafundisho na Maagano hadi leo, ingawa mwaka 1890 rais wao Wilford Woodruff alitangaza kuacha ndoa hizo. Kanisa lao limekubali kwamba wake wa Joseph huenda walikuwa kati ya 30 na 40. Juni 1844 watu waliokuwa wafuasi wake walichapa gazeti kufichua mambo hayo. Joseph, aliyekuwa pia meya wa mji, aliamuru pamoja na baraza lake mashine ya gazeti ivunjwe, yeye ambaye vitabu vyake viliwahi kutupwa barabarani. Akakamatwa, na tarehe 27 Juni 1844 umati wenye bunduki ukaingia gerezani Carthage na kumuua pamoja na ndugu yake Hyrum.

Brigham Young akachukua uongozi. Watu wakafunga mizigo yao wakati wa baridi ya 1846, wakavuka mto na nyika kwa mikokoteni, na Julai 1847 wa kwanza wakafika bonde la Salt Lake. Sisi tuliobeba magodoro kichwani 2002 na 2021 Nyiragongo ilipowaka, na mara nyingine nyingi kwa ajili ya risasi, hatuhitaji kuelezwa safari hiyo. Wala hatuhitaji kuelezwa kinachofuata: aliyefukuzwa anaweza kuua naye. Tarehe 11 Septemba 1857, huko Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni waliua wasafiri kama 120, wanaume, wanawake na watoto, waliokwisha kuweka silaha chini kwa ahadi ya usalama.

Tumefika sasa mahali ambapo habari hii inatugusa sisi Waafrika, na hapo ndipo tunataka mdogo wake mama wa Ndosho asome polepole.

Mwaka 1835 mfanyabiashara aitwaye Michael Chandler alifika kwao na maiti nne zilizokaushwa za Wamisri wa kale, pamoja na hati za mafunjo. Zilinunuliwa kwa dola 2,400. Wakati ule Marekani hapakuwa na mtu wa kusoma maandishi ya Kimisri. Joseph akasema humo mna maandishi ya Abrahamu, na mwaka 1842 akachapisha Kitabu cha Ibrahimu, ambacho leo kimo katika Lulu ya Thamani Kuu. Baada ya kifo chake hati ziliuzwa, na watu wakadhani zimeungua zote katika moto wa Chicago wa 1871. Lakini vipande vilikuwa vimelala katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, na Novemba 1967 vilirudishwa kwa kanisa. Wasomi wa Kimisri wakavisoma. Ni maandishi ya mazishi, baadhi yake yameandikwa kwa ajili ya kuhani mmoja wa Misri aitwaye Hor, karne nyingi sana baada ya Abrahamu. Abrahamu mwenyewe hayumo. Mwaka 2014 kanisa lao lilikubali katika maandishi kwamba herufi za vipande hivyo hazilingani na maneno ya kitabu. Wengine kwao husema sehemu yenye Abrahamu ndiyo iliyopotea, wengine husema hati zilimsaidia tu nabii kupokea ufunuo. Msomaji apime.

Kwa nini tunakaa hapo? Kwa sababu katika sura ya kwanza ya kitabu hicho Farao, wa uzao wa Hamu, anaelezwa kuwa mtu mwenye hekima lakini aliyelaaniwa kuhusu ukuhani. Na mstari huo haukubaki karatasini.

Mwanzoni kanisa lao halikuwa hivyo. Elijah Abel, seremala mweusi, aliwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Alikwenda misioni, alifanya kazi kwenye ujenzi wa hekalu la Nauvoo. Jane Manning, dada mweusi aliyezaliwa huru Connecticut, alibatizwa na mwaka 1843 akaanza safari kwenda Nauvoo pamoja na ndugu zake. Walipofika Buffalo walikataliwa kwenye mashua kwa ajili ya ngozi yao. Wakatembea. Kilomita kama 1,300, zaidi ya mara sita ya barabara ya kutoka hapa mpaka Bukavu. Viatu vikaisha, nyayo zikapasuka, na Jane alisimulia kwamba alama za miguu yao zilionekana kwa damu juu ya ardhi. Waliomba, akasema, miguu ikapona, wakaendelea wakiimba. Mwanamke huyo alikuwa mwombaji, hatuna shaka.

Lakini mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kupewa ukuhani, akitaja laana ya Kaini. Viongozi waliokuja baadaye wakaongeza mstari ule wa Farao. Katika kanisa ambalo karibu kila mwanamume mwaminifu ni kuhani, maana yake ilikuwa mweusi akae benchi la nyuma maisha yake yote, na yeye wala mke wake wasipate baraka za hekaluni ambazo kwao ndizo za juu kabisa. Elijah Abel, mzee sasa, aliomba kuingia hekaluni akakataliwa. Akafa mwaka 1884 akiwa bado mwaminifu, ametoka tu kwenye misioni nyingine. Jane aliandikia viongozi akiomba, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1894 walimruhusu kitu kimoja: aunganishwe na familia ya Joseph Smith milele akiwa mtumishi. Na ibada ile haikufanywa naye ndani. Mwingine alisimama badala yake. Akafa mwaka 1908. Tulisoma habari hii usiku, watu watatu katika chumba cha redio, umeme umekatika, kwa mwanga wa simu, na hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kitabu cha Mormoni chenyewe, katika 2 Nefi 26, kinasema Mungu hamkatai yeyote anayemjia, mweusi wala mweupe. Kitabu hicho hicho, katika 2 Nefi 5, kinasema Walamani walipewa ngozi nyeusi pamoja na laana. Watu walichagua mstari uliowafaa.

Afrika Magharibi watu walianza kuamini kabla hawajatumiwa mhubiri. Huko Ghana Joseph William Billy Johnson alikisoma kitabu mwaka 1964, akaanzisha makusanyiko, akaandika barua Salt Lake City kuomba watumishi. Nigeria, Anthony Obinna aliota jengo zuri. Miaka kadhaa baadaye, vita vya Biafra vikimfungia nyumbani, akafungua gazeti la zamani na kuliona jengo lile lile, hekalu la Salt Lake. Waliandika, wakangoja. Juni 1978 rais Spencer Kimball alitangaza kwamba amepata ufunuo: kila mwanamume anayestahili apewe ukuhani, bila kujali rangi. Tangazo hilo limewekwa mwishoni mwa Mafundisho na Maagano. Obinna akabatizwa Novemba mwaka ule, Johnson Desemba. Hapa kwetu, Wakongo kadhaa waliobatizwa Ulaya walirudi nayo, na mwaka 1986, wakati wa Zaire, serikali ikalitambua kanisa hilo. Hekalu la Kinshasa lilizinduliwa tarehe 14 Aprili 2019, na mwaka uliofuata wakatangaza jingine Lubumbashi. Mwaka 2013 kanisa lao liliandika kwamba linayakataa mafundisho yale ya zamani ya kuwa ngozi nyeusi ni alama ya laana.

Ndiyo swali tunalomwachia dada yetu awaulize majirani zake, kwa upole, akiwa amewapikia sombe. Kama Mungu hakuwahi kuwalaani Waafrika, manabii wale wa miaka 126 walikuwa wanasikia sauti ya nani? Na kama nabii anaweza kukosea hivyo katika jambo kubwa hivyo, vitabu vya nabii vinapimwa kwa nini? Wao humwambia msomaji, kwa kufuata Moroni 10, aombe na Roho atamthibitishia moyoni. Sisi tunajibu kwamba amani ya moyoni ni njema, lakini watu wa Beroya katika Matendo 17 walichunguza Maandiko kila siku kuona kama hata maneno ya Paulo ni kweli, nao wakasifiwa. Na Wagalatia 1:8 inatuonya hata juu ya malaika atakayeleta injili nyingine. Mabamba yakija na malaika, bado tutapima.

Lakini wapendwa, tulisema tutarudi kwenye jiwe na kofia, nasi tunarudi. Laana ya Hamu haikuhubiriwa Utah peke yake. Wamisionari wa makanisa mengine, walioheshimiwa, waliihubiri Afrika, ingawa Mwanzo 9 inasema Nuhu alimtaja Kanaani, wala haisemi neno lolote juu ya rangi ya mtu. Na Mwingereza Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa walitoka katika jamii nyingine ya juu; baadaye wakaitwa Wahamu, na vitabu vya shule vikafundisha watoto kwamba jirani fulani ni mgeni wa asili na fulani ni wa kutawaliwa. Sisi wa Kivu tunajua neno lile lilizaa nini. Tunaendelea kulizika.

Na manabii wetu je? Mtu anaweka simu au chupa ya mafuta mezani, anafumba macho, anamwambia binti kwamba Bwana amesema aolewe na fulani, au baba kwamba auze kiwanja alete mbegu. Tunaitikia amina. Kumbukumbu la Torati 18 na 1 Wathesalonike 5 hazikuandikwa kwa ajili ya Wamormoni tu.

Tulimwandikia mama wa Ndosho hivyo, naye akamtumia mdogo wake. Tulimwambia asimwamuru kutupa kitabu. Akisome mchana, na Injili ya Yohana kando yake, na aendelee kuwapenda watu waliompenda. Kama anatafuta kanisa la kusali kwa Kiswahili, Wakongo wa huko watamwelekeza.

Juzi sauti yake ilikuja kwenye WhatsApp. Anashukuru. Amewauliza majirani habari za Jane Manning, na mama mmoja mzee wa Kizungu akalia, akasema hakufundishwa hayo utotoni. Halafu naye akatuuliza swali. Mtumishi aliyetabiri kwetu hapa, yeye akiwa bado Goma, kwamba vita ingekwisha kabla ya Noeli, watu wakarudi vijijini kwa neno lile na kaka yake mkubwa akiwa kati yao: sisi wa kanisa, tulimwita mtumishi huyo tukamuuliza?

Hatukumwita. Tumepeleka swali lake kwa wazee, nao watakaa Jumatano. Watakalosema tutalisoma hewani Alhamisi, kipindi cha jioni, saa ileile.